Tanuu la Chokaa na Hesabu za Gibbs

REHEMA: Haya jamani karibuni tena, leo Salum kaja na jiwe studio, jiwe la matumbawe kabisa, mie nimeshamuuliza kama anajenga.

SALUM: Sijengi dada, ila hili ndo lililojenga Mji Mkongwe. Na chokaa ya kushikia mawe inatoka kwenye matumbawe hayohayo, yanapangwa juu ya magogo wanachoma, tanuu hilo linafuka moshi. Sasa mbona hapa mezani halijigeuzi chokaa lenyewe?

REHEMA: Si halijapata moto!

SALUM: Moto kiasi gani lakini? Hapo ndo anaingia Gibbs, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Yale, miaka ya 1870. Anakwambia chukua joto linalomezwa na riaksheni, yaani badiliko la kikemikali, toa badiliko la entropi mara halijoto ya kelvini, unachopata ni badiliko la nishati huru. Likiwa hasi riaksheni inaweza kwenda yenyewe, likiwa chanya ng'o.

REHEMA: Entropi si ile "vurugu" ya skuli?

SALUM: Vurugu inapoteza watu, mi napenda kusema ni kutawanyika. Jiwe likivunjika linatoa kaboni dioksaidi, na gesi ndo hivyo haikai pamoja, inazagaa, kwa hiyo entropi inapanda kama jouli 160 kwa kila moli, kile kipimo cha wingi wa kemikali, kwa kila kelvini. Ila kulivunja kunakula kilojouli 178. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, yaani kelvini 298, entropi inalipa 48 tu, deni linabaki 130.

REHEMA: We ngoja, 160 mara 298 si elfu arobaini na kitu?

SALUM: Hizo jouli mama, gawa kwa 1000! Fomu siksi wanaumia hapohapo kila mwaka.

REHEMA: Aa sawa, kwa hiyo tunapandisha moto mpaka entropi ilipe 178 yote... kelvini 1110 hivi?

SALUM: Barabara, kama nyuzi 840 za Selsiasi. Na gesi ikipeperushwa na upepo kazi inaanza hata chini ya hapo.

REHEMA: Na chokaa ile ukiimwagia maji inavyochemka?

SALUM: Pale entropi ya chokaa na maji inashuka kidogo, lakini zinatoka kilojouli 65 za joto kwa moli, kwa hiyo jibu bado hasi. Halafu ikishapakwa ukutani inavuta kaboni dioksaidi ya hewani inarudi kuwa jiwe, na hiyo pia hasi.

REHEMA: Basi ukuta ungekuwa jiwe siku hiyohiyo.

SALUM: Thubutu! Ukuta mnene unaweza kula miaka. Gibbs anakupa ruhusa, habari ya mwendo hajui, mwendo una mambo yake mengine kabisa. Almasi yenyewe kwa hesabu hizi inatakiwa iwe grafaiti, ile kaboni laini ya penseli, ni hasi karibu kilojouli 3 kwa moli.

REHEMA: Weee, wenye pete zao wamesikia?

SALUM: Wavae tu.