Ndege ya Kiwandani na Ndege ya Gereji: Tofauti Iko Wapi?

Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa ufundi, Arusha

Wazee wetu, shikamooni. Mafundi na wanafunzi, habari za jioni.

Kila asubuhi pale uwanja wa ndege wa Kisongo mnaziona Cessna Caravan zikipanga foleni kupeleka watalii Serengeti. Jina hilo la Cessna ni la mtu. Clyde Cessna alikulia shambani Kansas, baadaye akawa anauza magari. Mwaka 1911 alipata bodi ya ndege ya mtindo wa Blériot, akaifunga injini iliyokusudiwa boti, akaanza kujifundisha kuruka bila mwalimu. Akaivunja, akaitengeneza, akaivunja tena. Kampuni yenye jina lake ilikuja mwaka 1927, miaka 16 baadaye. Boeing naye alikuwa mfanyabiashara wa mbao huko Seattle kabla ya kuanzisha kampuni mwaka 1916. Kwa hiyo tukisema kuna watu wa kiwanda na watu wa gereji, tukumbuke kwamba wote walitoka gereji moja.

Basi kiwanda kinauza nini ambacho fundi wa mtaa wa Unga Limited hapa Arusha hana? Mashine ya kuchomelea anayo, na mkono anao, tena mzuri. Kwa maoni yangu, kiwanda kinauza ushahidi: kwamba ndege ya mia ni sawa na ya kwanza, na kwamba ya kwanza ilisukumwa, ikavutwa na kupimwa mpaka ikajulikana inavunjikia wapi. Anayejenga ndege moja hana budi kuutengeneza ushahidi huo mwenyewe. Na kiwanda kikiupoteza, kinaanguka kama gereji yoyote.

Ndugu Wright walilielewa hilo mapema. Watu husimulia sekunde 12 walizoruka kwa injini tarehe 17 Desemba 1903, lakini kazi kubwa ilifanyika mwaka 1901, walipotengeneza boksi la upepo lenye urefu wa mita 1.8 hivi na kupima humo vimfano vya mabawa karibu 200. Waligundua kwamba namba ya kukokotolea nguvu ya hewa iliyotumiwa na wataalamu kwa miaka mingi ilikuwa imezidi mno. Injini yao ya nguvu farasi 12 isingetosha kama mabawa yangekatwa kwa hesabu ya zamani. Baadaye, kwa bahati mbaya, walitumia miaka mingi mahakamani wakigombea hataza. Santos-Dumont, Mbrazili aliyeishi Paris, alifanya kinyume: michoro ya ndege yake ndogo ya mianzi, Demoiselle, aliiachia watu waitumie bure. Mimi namuona ndiye babu wa wajenzi binafsi wote.

Sasa tukae kidogo kwenye Comet, ndege ya abiria ya Waingereza, kwa sababu inatuhusu. Wazee mnakumbuka East African Airways ilivyoanza kurusha Comet 4 mwaka 1960. Ile ya kwanza, Comet 1, ilianza kubeba abiria Mei 1952 kwenye njia ya London hadi Johannesburg, ikipitia Entebbe. Ilikuwa ndege ya kwanza ya jeti ya abiria kuingia kazini duniani. Januari 1954 moja ilipasukia angani karibu na kisiwa cha Elba. Aprili nyingine ikapotea kusini mwa Italia. Ile ya Elba ilikuwa imejazwa hewa ya shinikizo mara 1,290 tu, ya pili mara 900.

Wachunguzi wa Farnborough, Uingereza, walichukua Comet nzima, wakaizamisha bodi yake kwenye tangi la maji, wakawa wanapandisha na kushusha shinikizo kuiga safari baada ya safari. Kwa nini maji? Maji hayabanwi, kwa hiyo bodi ikipasuka hailipuki kama bomu, na ufa unabaki palepale uusome. Ilipasuka kwenye kona ya uwazi, baada ya jumla ya mizunguko 3,057. Ufa wa namna hiyo huanzia ukingoni mwa tundu dogo la ribiti au bolti, mahali ambapo mkazo umejikusanya. Huo ndio uchovu wa metali: mzigo ambao bati linaubeba vizuri leo, likiubeba mara elfu kadhaa linachanika.

Lakini kampuni iliyoitengeneza, de Havilland, ilikuwa imepima! Kipande chao cha majaribio kilivumilia mizunguko 16,000 hivi. Kosa lilikuwa hili: kipande kilekile kilishatumika kwanza kwa jaribio la nguvu, kikajazwa shinikizo maradufu ya lile la kawaida. Metali kwenye kona za madirisha ikanyooka kidogo na kubaki hivyo. Shinikizo liliposhuka, bati lililozunguka likaibana. Sehemu iliyobanwa haichaniki haraka. Kwa hiyo jaribio la kwanza lilikitia dawa kipande cha jaribio la pili, dawa ambayo ndege za abiria hazikuipata kwa kiwango kile. Ushahidi ulikuwepo, ila ulikuwa wa kitu kingine. Ukipima, kipande chako kiwe kimepitia yaleyale yatakayoipata ndege yenyewe, bila nyongeza.

Kwa upande wa gereji, mfano wangu ni Mfaransa Henri Mignet. Mwaka 1933 alirusha ndege ndogo ya mbao na kitambaa, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo ya kuijenga. Maelfu wakaanza kupiga randa majumbani. Ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele juu, jingine nyuma yake kidogo. Bawa la mbele lilikuwa kwenye bawaba: ukivuta usukani linainuka uso, ndege inapanda. Rahisi sana. Kisha watu wakaanza kufa. Ndege ziliwekwa kwenye mahandaki makubwa ya upepo, Ufaransa na Uingereza, ikaonekana kwamba ikishainama kiasi fulani na rubani akavuta, ukingo wa nyuma wa bawa la mbele unashuka karibu na bawa la nyuma. Hewa inayopenya kwenye upenyo ule inalipatia bawa la nyuma mnyanyuo mkubwa zaidi, mkia unainuliwa, pua inazidi kwenda chini. Rubani anavuta, ndege inakataa. Marekebisho ya nafasi ya mabawa yalikuja, lakini mwaka 1936 Uingereza ilishaipiga marufuku.

Nikirudi kwenye viwanda vya leo, tarehe 5 Januari 2024 kipande cha kuziba mlango kilichomoka kwenye Boeing 737 MAX 9 ikiwa angani Marekani. Bolti nne za kukizuia hazikuwepo. Kipande kile kilifunguliwa kiwandani ili ribiti 5 zilizoharibika zirekebishwe, kikarudishwa bila bolti, na hakukuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba kiliwahi kufunguliwa. Fundi gereji mwenye daftari la shilingi elfu mbili, anayeandika kila anachokifungua, hapo anakizidi kiwanda.

Hata wauza vifurushi vya kujengea ndege wanakwama. Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, ambayo ndege zake zilizojengwa na watu binafsi zinazidi 10,000, ilibadili namna ya kutoboa baadhi ya mabati, ikatumia leza badala ya kupiga tundu kwa mashine. Leza huacha alama ndogo pale inapoanza na kumalizia duara. Mjenzi anapobonyeza ukingo wa tundu ili kichwa cha ribiti kikae sawa na bati, metali inavutwa, na alama ile inafungua ufa. Kubadilisha vipande kuliigharimu kampuni kiasi cha kuchangia kuomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Desemba 2023.

Injini. Hapa vijana wengi huuliza kuhusu injini ya gari au ya pikipiki. Chukua rafadha ya kipenyo cha mita 1.8. Ikizunguka mara 2,700 kwa dakika, ncha yake inakwenda mita 254 kwa sekunde, inafanya kazi. Ifunge moja kwa moja kwenye injini ya gari inayotoa nguvu zake kwenye mizunguko 5,000: ncha inafika mita 471 kwa sekunde, inaupita mwendo wa sauti, na nguvu yako yote inageuka kelele. Ndiyo maana lazima giaboksi ya kupunguza mizunguko, na giaboksi hizo hufa kwa mtikisiko wa kujinyonganyonga kati ya shafti na rafadha. Bernard Pietenpol wa Minnesota alifanikiwa na injini ya gari la Ford Model A mwaka 1929 kwa kuwa injini ile ilizunguka polepole.

Mafuta ndiyo hunyamazisha injini nyingi za ndege mpya. Kama yanashuka yenyewe kutoka tangi la juu, mfumo upitishe asilimia 150 ya yale injini inayokunywa kwa nguvu zote. Kama kuna pampu, asilimia 125. Injini ya lita 24 kwa saa inahitaji basi lita 36, yaani lita 0.6 kwa dakika. Inua pua ya ndege hadi pembe kali ya kupanda, acha tangi likiwa karibu tupu, chomoa mpira kwenye kabureta, shika saa na jagi la vipimo. Ikishuka nusu lita kwa dakika, huruki. Na koki ya kubadili tangi iwe mahali mkono unafika bila kujipinda. Oktoba 1997 mwanamuziki John Denver alikufa California katika ndege ya Long-EZ iliyojengwa na mtu mwingine, ambaye koki aliihamishia nyuma ya bega la kushoto. Ukigeuka kuifikia, mguu wa kulia unasukuma pedali ya kugeuzia ndege bila wewe kujua.

Uzito nao. Tuseme ndege iko mizanini, rubani ameketi, bodi imesawazishwa kwa pimamaji. Magurudumu makuu yako sentimita 70 nyuma ya ukingo wa mbele wa bawa na yamebeba kilo 260. La pua liko sentimita 80 mbele ya ukingo huo, kilo 70. Zidisha, toa, gawa kwa 330: kitovu cha uzito kiko sentimita 38 nyuma ya ukingo. Bawa likiwa na upana wa mita 1.4, hiyo ni asilimia 27. Sasa mjomba anakupa mkungu wa ndizi wa kilo 20 upeleke Dodoma, unauweka mita 1.6 nyuma ya ukingo. Kitovu kinahamia sentimita 45, asilimia 32. Kama mchoro unasema mwisho ni 30, hiyo ndege ukiivuta kidogo pua inapanda na haitaki kurudi.

Na mkumbuke mko Arusha. Namba za brosha ni za usawa wa bahari, nyuzi joto 15. Uwanja wetu uko futi 4,550 hivi. Siku ya nyuzi 28 hewa ni nyepesi kama ya futi 7,200. Injini ya nguvu farasi 80 isiyo na turbo inabaki na kama 64, na ndege lazima ikimbie juu ya lami kwa kasi inayozidi ile ya brosha kwa asilimia 11 hivi kabla bawa halijaibeba. Kuhusu usajili na kibali cha kuruka, nendeni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, kabla ya kununua bati, msisubiri ndege iishe.

Kuna swali limetoka nyuma: nianze na nini? Anza na vipande viwili vya bati la aluminiamu la ndege, milimita 0.8 kila kimoja, na ribiti 20 za kipenyo cha milimita 3.2. Toboa matundu, katikati ya tundu isikaribie ukingo chini ya milimita 6.4. Ondoa machicha, yaani ncha kali za metali zinazobaki ukingoni mwa tundu, pande zote mbili. Urefu wa ribiti ni unene wa mabati mawili, 1.6, jumlisha mara moja na nusu ya kipenyo, 4.8: jumla milimita 6.4. Ukishaigonga, kichwa kipya kiwe na upana wa milimita 4.8 na kimo cha 1.6. Kisha bana kipande kimoja kwenye jiliwa, chana kingine kwa koleo, tazama. Ribiti iliyovimba katikati ya mabati ina maana mabati hayakubanwa pamoja ulipogonga. Kichwa kilicholala upande, nyundo haikusimama wima. Kilichopasuka pembeni, umekipiga mno. Andika namba ya kila ribiti na kosa lake, kata vipande vingine viwili, rudia.