Walikodiwa, Wakaondoka

Wazee wangu, shikamooni. Wengine mlishanisikia nikilisema hili kule Ujiji. Vumilieni, leo nalirudia: mamluki, yaani askari wa kigeni wa kukodiwa, si dawa ya vita vyetu.

Goma, Januari 2025. Waasi wa M23 wanaingia mjini. Upande wa serikali ya Kongo walikuwapo Waromania wa kukodiwa, zaidi ya 280. Walioona mikataba yao waliandika kwamba wakubwa wao walilipwa dola 5,000 kwa mwezi. Askari Mkongo aliyekaa nao mstari mmoja? Kama dola 100, tena ikifika! Sasa wewe ungekuwa Mkongo huyo, ungepigana kwa moyo gani? Mji ulipoanguka, mabwana wale walijificha kwenye kambi ya Umoja wa Mataifa, kisha wakavuka mpaka kwenda Gisenyi na mabegi yao. Wakapekuliwa, wakapandishwa mabasi hadi Kigali, wakarudi kwao.

Mama wa Goma alipanda basi gani?

Mnajua watu wa vita hizi wanaishia wapi, sina haja ya kuwaeleza watu wa Kigoma. Mmeshawaona wakishuka kwenye boti: sufuria moja, kifuniko kimefungwa kwa kitenge, ndani yake vyeti vya watoto. Kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ipo tangu 1996. Kuna waliozaliwa mle na sasa wanalea mle mle.

Najua, kijana mmoja pale nyuma ananisubiri na Executive Outcomes, ile kampuni ya mamluki ya Afrika Kusini iliyokodiwa na serikali ya Sierra Leone. Haya. Mwaka 1995 waliwasukuma waasi wa RUF mbali na Freetown, wakayakomboa machimbo ya almasi ya Kono. Sibishi. Januari 1997 wakaondoka. Mei mwaka huohuo wanajeshi wa Sierra Leone wenyewe wakapindua serikali. Miezi minne! Wageni walipigana vizuri, ila jeshi la nchi walilikuta bovu wakaliacha bovu.

"Mbona hata majeshi ya serikali hukosea?" Hukosea. Lakini 2013 vijana wetu wa jeshi la Tanzania walipowapiga M23 haohao, pamoja na Waafrika Kusini na Wamalawi, kama wangefanya madudu tungejua pa kuuliza. Kule Moura, Mali, Machi 2022, ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema watu wasiopungua 500 waliuawa na jeshi la Mali likiwa na "wanajeshi wa kigeni". Wa nani? Unamfungulia nani kesi?

Mwenyekiti ananionesha saa. Mamluki wa Cabo Delgado, Msumbiji, nimewaruka, na Mkataba wa Libreville wa 1977 dhidi ya mamluki mtausoma wenyewe.

Maswali. Wewe wa Executive Outcomes, anza.