Redio Ile Ilikuwa na Watu

Mkuu wa chuo, wakufunzi, na ninyi wanachuo mliojaa mpaka madirishani: shikamooni wale ninaopaswa kuwaamkia, na walioniamkia pale mlangoni, marahaba. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumzie teknolojia na mustakabali wa elimu. Huo mustakabali siujui. Mimi ni mwalimu mstaafu, ninayoyajua yako nyuma, kwa hiyo nitaanzia 1973 tupande polepole. Nitakayosema ni maoni yangu. Msiyaandike kwenye mtihani, mtafeli. (Kicheko.)

Mwaka huo nilikuwa darasa la tatu. Baba alikuwa na redio ya National ya betri nne kubwa. Betri zikichoka mama alizianika kwenye ungo juani mpaka zikapata moto. Zikirudishwa redioni zilisukuma kama nusu saa, kisha kimya. Nusu saa hiyo ilikuwa na mwenyewe. Redio Tanzania ilikuwa ikirusha kipindi cha Mtu ni Afya, na siku ya kipindi ole wake mtoto aliyekutwa amefungulia muziki asubuhi.

Watu kama kumi na tano walikuja kukaa chini ya mwembe wetu. Kipindi kikiisha redio ilizimwa, na darasa ndipo lilipoanza. Alikuwapo kiongozi wa kikundi, bwana mmoja aliyekuwa amekwenda semina akarudi na kijitabu. Alisoma kwa sauti, maana nusu ya waliokaa pale walikuwa hawajui kusoma, halafu akauliza. Hili la kichocho, kwetu likoje? Maji tunachota wapi? Nani hana choo? Asiye na choo alikuwa amekaa humo humo. Watu wakacheka, naye akacheka, na Jumamosi wakaenda na majembe kumsaidia kuchimba.

Mimi niliona mwembe wetu tu. Ni baadaye sana, nikisoma, nilipojua ukubwa wa jambo lenyewe: kampeni ya wiki 12, watu wapatao milioni 2, viongozi wa vikundi kama 75,000 waliofundishwa kwa ngazi, wa juu akimfundisha wa chini yake mpaka kufika kijijini. Vyoo vilivyochimbwa vinakadiriwa kufika 750,000. Na hii ni nchi iliyokuwa na miaka 12 tu tangu uhuru, ambayo miaka mitatu nyuma, 1970, Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima kwa sababu wengi wetu tulikuwa hatujui kusoma.

Sasa tazameni kazi ilikuwa wapi. Redio nyingi zilikuwa za wanakijiji wenyewe. Kilichoandaliwa na kugharimiwa kilikuwa semina, vijitabu, vipindi, na watu wa kuzunguka kufundisha. Chombo kilikuwa kidogo kuliko vyote vilivyokizunguka.

Nisije nikawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, zama zile hazikuwa pepo. Kampeni haijapoa, zikashika kasi operesheni za kuhamishia watu kwenye vijiji vipya. Mamilioni walihamishwa, wengi bila hiari. Na sisi tukahamishwa. Choo alichochimba baba kwa mikono yake, kwa kushauriwa na redio, kikabaki kwenye mahame, na kule tulikopelekwa hakukuwa na choo wala mwembe. Nilimsikia akisema usiku, kwa sauti ya chini: "Hawa walioniambia chimba na hawa walioniambia hama, hivi wanajuana?" Baba hakuwa msomi, lakini sijapata kusikia swali bora kuliko hilo juu ya sera. Kila nikisoma waraka mpya nauliza kama mwandishi wake anajuana na mwandishi wa waraka uliopita.

Twende 1974. Wengi wenu hamlijui hili kwa sababu halifundishwi: mwaka huo Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Ndiyo, kompyuta. Ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ikafuata nyingine kubwa zaidi, zikakabidhiwa hesabu za serikali, na wataalamu wa kuziendesha walikuwa wageni. Mambo yakavurugika, hesabu hazikukaa sawa, ikabidi kazi irudi kwenye kalamu na leja. Serikali ikakasirika, ikafunga mlango kwa kompyuta na kwa televisheni pia, ingawa ng'ambo ya maji Zanzibar walikuwa wamekwisha kuwa na televisheni yao, tena ya rangi. Bara tulisubiri mpaka 1994 kuona kituo cha kwanza.

Mwaka huohuo wa 1974, kule Musoma, chama tawala, TANU, kikaamua kwamba kufikia 1977 kila mtoto wa rika la shule awe darasani. Walimu wa UPE mnaowasikia, yaani wa mpango wa elimu ya msingi kwa wote, walitokana na uamuzi huo: vijana waliomaliza darasa la saba wakafundishwa ualimu hukohuko vituoni. Watu wanawacheka mpaka leo. Mimi mwenyewe nilifundishwa na mmoja wao, na hesabu ninazojua alinipa yeye. Kwa hiyo katika mwaka mmoja serikali ileile ilimwogopa mtaalamu wa mashine na ikamwamini kijana wa darasa la saba kumfundisha taifa. Ukiniuliza lipi lilikuwa kosa, nitakwambia ni la kompyuta. Waliokosekana pale Wizara ya Fedha walikuwa Watanzania waliofundishwa kazi ile. Dawa yake ilikuwa kufundisha, na sisi tukafukuza mashine.

Nasema hivi kwa sababu tumebadilisha mwelekeo bila kubadilisha fikra. Zamani tulipiga marufuku, leo tunagawa. Nionavyo mimi, kupiga marufuku na kugawa ni ndugu wa tumbo moja: wote wawili wanaamini kwamba mambo yote yamo ndani ya kile kiboksi.

Majirani zetu Wakenya watatusaidia hapa. Katika uchaguzi wa 2013 muungano wa Jubilee uliahidi laptopu kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikagombaniwa, ikafutwa, na ilipofika 2016 laptopu zikawa vishikwambi. Hatimaye vilisambazwa zaidi ya milioni moja, katika shule za msingi zaidi ya 20,000. Magazeti yao yakaanza kusimulia vilivyofungiwa stoo kwa kuogopa wezi, na walimu walioshika kifaa kwa semina ya siku chache. Machi 2020 korona ilipofunga shule, na wanafunzi wengi wa Kenya wasirudi mpaka Januari 2021, masomo yaliwafuata nyumbani kwa njia gani hasa? Kwa redio na televisheni, zaidi ya vile vishikwambi. Lakini wana haki yao. Ili vishikwambi viwake ilibidi shule zivutiwe umeme, na umeme ule umebaki. Mtoto wa kijijini anasoma jioni chini ya taa iliyoletwa na ahadi ya laptopu. Ningekuwa Mkenya ningewasamehe nusu ya fedha kwa ajili ya hiyo taa.

Na kabla yao kulikuwa na Peru, iliyonunua laptopu ndogo za watoto kwa mamia ya maelfu. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika ikachunguza shule 319 za vijijini, ikatoa matokeo 2012: kompyuta ziliongezeka kweli, lakini katika hesabu na lugha watoto waliopewa hawakuwazidi wasiopewa. Miaka hiyo sisi tulikuwa tumekwisha kuandika sera zetu, ya TEHAMA, yaani teknolojia ya habari na mawasiliano, ya 2003, na ya TEHAMA katika elimu ya msingi ya 2007. Zimeandikwa vizuri. Sera zetu huandikwa vizuri, hilo tusinyimane.

Nami nina yangu ya kuungama. Katika shule moja niliyofundisha, sitaitaja, tuliletewa kompyuta kumi za msaada. Mkuu wa shule akashonesha vitambaa vya kuzifunika, vyenye maua pembeni, akafunga chumba na ufunguo akatembea nao. Akisafiri, kompyuta zimesafiri. Nikanunua karatasi za manila, nikachora kibodi, kila herufi mahali pake, nikawafundisha watoto kuchapa juu ya karatasi. Mwaka 2018 picha ya mwalimu wa Ghana aliyechora programu ya Microsoft Word ubaoni ilizunguka dunia nzima, watu wakacheka, wengine wakalia. Mimi nilimwonea wivu kwa uchoraji tu, kibodi yangu ilikuwa imepinda.

Ninachoungama ni hiki: ufunguo ningeweza kuudai. Nilikuwa na haki, nilikuwa na wazazi nyuma yangu, nikaona karatasi ni rahisi kuliko ugomvi. Tunapoilaumu serikali tujue kwamba mlolongo wa sera unaishia kwenye ufunguo mmoja mfukoni mwa mtu, na mwalimu mmoja anayeona soni kuuomba.

Vya kwetu vishikwambi mnavijua. Baada ya sensa ya Agosti 2022, vile vilivyotumiwa na makarani vikapelekwa kwa walimu. Uamuzi huo niliupenda, na ninaupenda bado. Ni akili ya mama anayekata gauni la mkubwa amvike mdogo. (Makofi.) Ngojeni, msipige makofi mapema. Nimepita kwa wanafunzi wangu wa zamani ambao leo ni walimu, nikauliza kinafanya kazi gani. Mmoja anaandalia maazimio ya kazi. Mwingine anasomea Biblia. Wa tatu alinijibu kwa swali: "Mwalimu, bando ananunua nani?" Bando linatoka kwenye mshahara wake, hapo ndipo teknolojia ya elimu ilipolala.

Mwaka 2021 tuliwekewa tozo kwenye miamala ya simu, tukaambiwa fedha zitajenga madarasa na vituo vya afya. Nililipa. Nilinung'unika lakini nililipa. Basi simu inajenga darasa, na mwanafunzi akikutwa nayo ndani ya darasa hilo anarudishwa nyumbani akalete mzazi. Sisemi turuhusu simu holela, nimelea watoto, najua kinachoangaliwa saa nane za usiku. Nasema swali la baba lingefaa hapa: wanajuana?

Juu ya lugha nitasema kidogo kwa sababu nikianza simalizi. Mtu ni Afya ilisikika kwa Kiswahili. Mwaka 1982 Tume ya Makweta, iliyoundwa kuutazama upya mfumo wa elimu, ilipendekeza Kiswahili kifundishie sekondari kuanzia 1985. Mwaka uliofuata wakubwa wakakataa. Leo kijana wa kidato cha kwanza anafunguliwa somo la video lenye picha nzuri za moyo wa binadamu ukidunda, na maelezo yote ni ya Kiingereza asichokijua. Anaona moyo unadunda. Hajui kwa nini.

Nilitumiwa swali kabla sijaja, kuhusu akili mnemba: je, wanafunzi wakiandikiwa insha na ChatGPT, mwalimu afanye nini? Mimi ningefanya alivyofanya yule bwana wa kijitabu. Zima, halafu uliza. Kijana alete insha yake, nzuri kama ya profesa, asimame mbele ya wenzake na tumuulize: hili ulilosema juu ya mmomonyoko wa ardhi, kwenu likoje? Mashine haijui korongo lililo nyuma ya nyumba yao. Ila kwa darasa la watoto themanini, kumsikiliza kila mmoja kunadai muda na walimu, na hapo tumerudi kwenye bajeti, wala si kwenye mashine.

Sera ya elimu tuliyonayo sasa, toleo la 2023 lililozinduliwa mwanzoni mwa 2025, inataka elimu ya lazima iwe ya miaka kumi. Watoto watakuwa wengi zaidi na watakaa zaidi. Ningepewa nafasi ya kuongeza mstari mmoja tu, nisingeomba vifaa. Ningeomba kila fedha ya kifaa iandamane na fedha ya mtu: kiongozi wa kuwakusanya walimu wa kata mara moja kwa wiki, saa iliyomo kwenye ratiba rasmi, na bando lililolipiwa. Nimemweleza hivyo ofisa mmoja. Akanijibu kwamba kifaa unaweza kukikabidhi mbele ya kamera, saa ya ratiba huwezi. Alisema kwa utani, lakini hakucheka.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nimalizie kwa kuwaonyesha kitu. Redio ya baba nimekuja nayo, imo kwenye kile kikapu. Haisemi tena, fundi alikwisha kuniambia spika imekufa. Lakini baba alipofariki niliifungua, nikakuta ndani ya nafasi ya betri kipande cha karatasi kimekunjwa mara nne. Ni zamu ya kununua betri: majina ya watu wa chini ya mwembe, na mbele ya kila jina wiki yake. Mawili hayasomeki, kutu ya betri imeyala. La baba liko la mwisho. Tukienda kunywa chai, anayetaka kuiona aje.