Soma lebo, achana na boksi: kuchagua pawa saplai

ZUHURA: Karibuni tena. Leo tunaanza na swali la msikilizaji. Ana kompyuta aliyoinunua ikiwa imeshaunganishwa, sasa anataka kuiwekea kadi ya grafiki, GeForce RTX 4070 ya NVIDIA. Pawa saplai yake, kile kifaa cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani na kuigawia kompyuta, ni ya wati 500. Anauliza, itatosha? Kaka Kassim?

KASSIM: Wati 500 za aina gani?

ZUHURA: Kumbe wati nazo zina aina?

KASSIM: Sikiliza dada. Afungue ubavu wa kompyuta, atafute lebo iliyobandikwa kwenye pawa saplai yenyewe. Ile namba kubwa aiache kwanza. Chini yake kuna kajedwali: volti 3.3, volti 5, volti 12, na kila moja ina ampea zake. Prosesa na kadi ya grafiki karibu umeme wao wote wanautoa kwenye volti 12. Sasa akikuta pale kwenye 12 pameandikwa ampea 25, azidishe. Kumi na mbili mara 25?

ZUHURA: Mia tatu.

KASSIM: Basi hizo wati 300 ndizo alizonazo kwa kazi nzito. Zilizobaki zimerundikwa kwenye 3.3 na 5, ambako kompyuta ya leo inadokoa kidogo tu.

ZUHURA: Kwa hiyo boksi limemdanganya.

KASSIM: Halijasema uongo, limenyamaza. Pawa saplai iliyotengenezwa vizuri, ya wati hizohizo 500, utakuta volti 12 peke yake inabeba ampea 40 au zaidi. Hiyo ni wati 480. Namba ya nje ni moja, lakini ni vitu viwili tofauti kabisa.

ZUHURA: Haya, tuseme yake ni hiyo nzuri. Tupige hesabu. RTX 4070 inakula wati 200.

KASSIM: Na prosesa?

ZUHURA: Hakutuambia. Tuchukue Core i7-13700 ya Intel, imeandikwa wati 65.

KASSIM: Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Hizo 65 ni za mwendo wa kawaida. Intel wenyewe wanasema ikikaza mwendo inaweza kufika 219. Piga hesabu kwa hiyo ya juu.

ZUHURA: 200 na 219, ni 419. Tuongeze ubao mama, memori, diski, feni...

KASSIM: Weka kama 60 hivi.

ZUHURA: 479. Kaka, si imetosha hiyo!

KASSIM: Kwenye karatasi. Tatizo ni kwamba kadi ya grafiki haili kwa utulivu. Kuna nukta fupi mno, hata jicho halizioni, ambapo inaruka na kuvuta karibu mara mbili ya kawaida yake. Pawa saplai iliyobanwa inadhani kuna hitilafu, inajikata. Mtu yuko katikati ya mchezo, skrini inakuwa nyeusi, kompyuta inajiwasha upya. Anaanza kufuta draiva, anapiga Windows upya, analaumu kadi. Wiki nzima imepotea na kadi haina kosa.

ZUHURA: Na hilo ndilo lililoleta ile ATX 3.0, kiwango kinachoelekeza pawa saplai ziundwe vipi?

KASSIM: Ni mojawapo ya sababu. Kiwango hicho kilitoka 2022, na kinazitaka pawa saplai zenye plagi mpya ya pini 16 zihimili mruko wa mara mbili ya uwezo wao kwa mikrosekunde 100. Kwa RTX 4070, NVIDIA wanapendekeza wati 650. Mimi ningewasikiliza.

ZUHURA: Kwa nini asichukue 1000 kabisa, alale usingizi?

KASSIM: Haitaunguza kitu, hilo watu wasiogope. Pawa saplai inatoa kile inachoombwa, haisukumi. Ila hela ya wati asizozihitaji ni bora aiweke kwenye ubora. Afadhali 650 nzuri kuliko 1000 ya mashaka.

ZUHURA: Ubora ndio hizi alama za 80 PLUS zinazobandikwa kwenye pawa saplai, Bronze, Gold? Maana kuna wanaoamini kuwa 80 maana yake unapewa asilimia 80 tu ya wati ulizonunua.

KASSIM: La hasha. Wati 500 ni zile zinazotoka. Ikiwa ufanisi ni asilimia 85, inavuta wati 588 ukutani ili itoe 500, na hizo 88 zinageuka joto ndani ya kasha. Ikiwa kwenye nusu ya mzigo, kipimo cha msingi kinadai 85 kwa Bronze na 90 kwa Gold. Lakini alama hiyo inapima ufanisi tu. Haikuambii kama volti zinatulia mzigo ukibadilika ghafla, wala kama kinga za shoti na za joto zinafanya kazi. Mimi huangalia dhamana. Kampuni inayokupa miaka 7 au 10 imejiamini. Taa za rangi hazinishtui.

ZUHURA: Twende kwenye waya.

KASSIM: Enhe! Hapa ndipo watu wanaua kompyuta. Pawa saplai za waya za kuchomoa, upande wa kwenye pawa saplai hakuna mpangilio mmoja wa pini. Unabakiza waya za zamani kwa sababu zimeshafungwa vizuri, unachomeka kwenye mpya, zinaingia bila ubishi. Unawasha, volti 12 inapita njia ya volti 5, na diski zako zimekwenda na picha zote.

ZUHURA: Hata kama ni kampuni ileile?

KASSIM: Hata ileile, modeli mbili zinaweza kutofautiana. Ya zamani ikitoka, itoke na waya zake.

ZUHURA: Na adapta, zile za kugeuza plagi ya SATA, ile ya kulisha diski, iwe ya kadi ya grafiki?

KASSIM: Hapana. Plagi ya SATA imekadiriwa ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54. Ile ya pini 8 ya kadi inatakiwa kubeba 150. Itayeyuka.

ZUHURA: Kompyuta ya msikilizaji wetu ilinunuliwa imekamilika. Kuna cha kuangalia zaidi?

KASSIM: Sana. Nyingi za kampuni kubwa zina pawa saplai ya umbo lake na plagi yake. Kabla hajatoa hela, aangalie plagi kubwa inayoingia kwenye ubao mama ina pini 24. Halafu apime nafasi: pawa saplai ya kawaida, ya umbo la ATX, ni upana milimita 150, kimo 86, urefu kuanzia 140. Visipolingana, asinunue kwanza.

ZUHURA: Na ya zamani aifanyeje? Kuna fundi atamwambia aifungue, abadilishe feni.

KASSIM: Asiifungue. Kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na mamia ya volti hata waya ukishachomolewa ukutani. Kama bado nzima, aipe kompyuta isiyo na kadi ya grafiki.