Kiingereza: wao wana makosa yao, sisi tuna yetu

Wana Kigoma, kuanzia Ujiji mpaka Kasulu, na ndugu zangu wa Tabora, hamjambo? Wakubwa wote, shikamooni. Leo najibu swali mnaloniandikia sana kwenye komenti: mbona Waingereza wenyewe wanakosea Kiingereza, halafu sisi mwalimu anatukata maksi?

Wanakosea kweli. Soma wanavyoandikiana mtandaoni, utakuta "could of" badala ya "could have", na "your" palipotakiwa "you're". Lakini angalia kosa lenyewe linatoka wapi. Mtu huyo lugha kaipata kwa masikio kabla hajashika kalamu. "Could've" ikitamkwa haraka inasikika sawa na "could of", basi anaandika alichosikia. Akizungumza, kosa hulisikii.

Halafu kuna "we was" na "ain't", mitaani London zimejaa tele. Hizo ni lahaja, na zina kanuni zake. Kiingereza hakina chombo kama BAKITA, baraza letu la Kiswahili. Usanifu wake unashikiliwa na kamusi, wahariri, shule na mitihani. Ila kwenye barua ya kuomba kazi, "we was" inamwangusha hata aliyezaliwa hukohuko. Kwa hiyo usiige kila unachosikia kwenye muziki ukakipeleka kwenye mtihani.

Sisi yetu yako kwenye sarufi, kwa sababu chini ya sentensi kuna Kiswahili. Kosa sugu, na sijui kwa nini halipigiwi kelele, ni la -me-. Darasani tumekaririshwa kwamba -me- ni "have" au "has". Kwa "amefika" haina shida: "he has arrived". Sasa tafsiri "amevaa shati jekundu". Wengi tunasema "he has worn a red shirt". Mwingereza akisikia hivyo anaelewa kwamba huyo bwana aliwahi kulivaa, siku yoyote ile, pengine leo kavaa la bluu. Yeye angesema "he is wearing a red shirt".

Kiswahili kinatumia -me- kwa tendo lililokwisha na pia kwa hali iliyobaki baada ya tendo. Kwenye vitenzi vya mwili, yaani mavazi, mkao na uchovu, hiyo hali Kiingereza kinaisema kwa "is". Amelala, "he is asleep". Amesimama, "he is standing". Ameshika simu, "he is holding a phone". Amechoka, "he is tired". Chukua picha yoyote ya harusi kwenye simu yako, eleza kila mtu amevaa nini na amekaaje. Hapo utajua kama umeshika.

Kuna na hili: "I have seen him yesterday". Ukishataja wakati uliopita na kwisha, jana, juzi, mwaka 2019, "have" inatoka: "I saw him yesterday". Wajerumani nao linawasumbua, maana lugha yao inaruhusu.

Mengine ni ya haraka. "Although" ikishatangulia, usiweke "but" mbele; ni "ingawa... lakini" yetu hiyo. "Advice", "information", "furniture" na "luggage" hazichukui s ya wingi; ukitaka kuhesabu sema "two pieces of luggage". "Discuss" haitaki "about". "He" na "she" tunazichanganya kwa sababu a- yetu haina mume wala mke, na dawa yake ni mazoezi ya mdomo tu.

Lakini linaloweza kukuharibia usaili wa simu ni swali la kukanusha. Anauliza: "You don't have a passport?" Wewe unajibu "Yes", ukimaanisha ndiyo, sina. Yeye anaweza kuandika kwamba unayo! Kwetu "ndiyo" inakubaliana na maneno ya muulizaji, kwao "yes" inafuata ukweli wenyewe. Huna, jibu "No, I don't". Unayo, jibu "Yes, I do". Usiishie kwenye neno moja, malizia hiyo sentensi fupi, hata ukiteleza mwanzo ataelewa.

Na akiuliza "Do you mind waiting?", "yes" maana yake kungoja kunakukera. Kama uko tayari kungoja, sema "No, that's fine", kisha subiri kwenye laini.