Kadi ya Duka Imepunguzwa Limiti, Alama Zimeporomoka: Kulikoni?

BARAKA: Habari zenu popote mlipo. Mimi ni Baraka, nipo Houston, na dada yangu Zuhura yuko Columbus, Ohio, kama kawaida. Dada, shikamoo kwanza.

ZUHURA: Marahaba, ila usinizeeshe hewani. Watu wanatusikiliza.

BARAKA: (anacheka) Haya. Leo tuna ujumbe wa sauti kutoka kwa mama mmoja wa Minneapolis. Nausoma kwa kifupi. Anasema ana kadi ya mkopo ya duka la nguo na vyombo, ameilipia kwa wakati tangu aifungue, hajawahi kuchelewa. Limiti, yaani kiwango cha juu anachoruhusiwa kudaiwa, ilikuwa dola 2,400. Mwezi uliopita akapata barua kwamba sasa ni dola 600. Yeye anadaiwa 540. Wiki chache baadaye anaangalia alama zake za mkopo, zile wakopeshaji wanazotazama kabla ya kukukopesha, zimeporomoka. Anauliza: "Nimekosa nini, na mimi natafuta mkopo wa nyumba?"

ZUHURA: Maskini. Hajakosa kitu. Ndiyo jambo linalouma hapo, kwamba hajakosa kitu.

BARAKA: Sasa zimeshukaje?

ZUHURA: Chukua kalamu. Deni lake 540, limiti 2,400. Alikuwa ametumia asilimia 22 na nusu ya limiti. Kawaida tu. Limiti ikawa 600, deni lile lile 540. Sasa ametumia asilimia 90. Hajanunua hata soksi, lakini kwa mashine inayopiga hesabu za alama, mama huyu anaonekana ameishiwa, amekaba kadi mpaka ukingoni.

BARAKA: Aisee. Kwa hiyo si deni lililopanda, ni dari iliyoteremka.

ZUHURA: Na mashine haijui tofauti. Alama za kampuni ya FICO, hizi zinazoanzia 300 mpaka 850, asilimia 35 inatokana na historia ya kulipa. Huko mama yuko safi. Asilimia 30 inatokana na kiasi unachodaiwa, na humo ndimo unamokaa uwiano wa deni na limiti. Sasa sikiliza hapa, watu wengi hupapita: uwiano huo unapigwa mara mbili. Kadi moja moja, halafu kadi zote kwa jumla.

BARAKA: Amesema ana kadi nyingine pia, ya benki. Limiti 1,500, anadaiwa 300.

ZUHURA: Vizuri. Jumla ya limiti ilikuwa 3,900, deni 840. Hiyo ni asilimia 21 na ushee. Leo jumla ya limiti ni 2,100, deni 840 lile lile. Asilimia 40 kamili. Kwa hiyo amepigwa pande mbili: kadi moja imejaa, na jumla nayo imeruka karibu mara mbili.

BARAKA: Mimi niliambiwa ukiwa chini ya asilimia 30 uko salama.

ZUHURA: Hiyo 30 imegeuzwa kuwa kama amri ya Musa. Hakuna ukuta pale. Kadiri uwiano unavyoshuka ndivyo inavyokuwa bora, na wenye alama za juu kabisa huwa wanakaa chini ya 10. Ukiwa na 29 hujaokoka, ukiwa na 31 hujaangamia. Lakini 90 kwenye kadi moja, hiyo ni habari nyingine.

BARAKA: Na kwa nini kadi za maduka hasa? Maana nasikia malalamiko haya zaidi kwenye kadi za maduka kuliko za benki.

ZUHURA: Kwanza zinaanza na limiti ndogo. Uko kwenye foleni, keshia anakwambia ukifungua kadi leo unapunguziwa asilimia 15. Unajaza, unapewa limiti ya dola mia tano, mia saba. Limiti ikiwa ndogo, ununuzi wowote unaonekana mkubwa. Koti la baridi na buti za watoto tu, umeshafika nusu. Na Minnesota huwezi kukwepa koti.

BARAKA: Na riba je?

ZUHURA: Riba za kadi hizi nyingi zinapita asilimia 30 kwa mwaka. Hilo peke yake lingetosha kipindi kizima, tusiingie. Nirudi kwenye limiti. Pili, kadi ya duka si ya duka.

BARAKA: Hapo umeniacha.

ZUHURA: Duka limeweka jina tu. Anayekukopesha ni benki iliyo nyuma: Synchrony, Comenity, Citibank na wenzao. Geuza kadi, soma maandishi madogo, utaiona. Benki hiyo ina kadi za maduka chungu nzima, na ndiyo inayoamua limiti yako. Ikiona uchumi unayumba, inapunguza kwa watu wengi kwa mpigo. Ilitokea 2008 na 2009, ikatokea tena 2020 wakati wa korona. Wewe unalaumu duka, na msichana wa kaunta hana habari yoyote.

BARAKA: Ndiyo maana ukifungua ripoti yako ya mikopo unakuta majina ya ajabu. Mimi niliwahi kuona herufi S-Y-N-C-B, mkwaju, halafu kifupi fulani. Nikasema nimeibiwa kitambulisho.

ZUHURA: Ni Synchrony hiyo. Watu hupinga akaunti zao wenyewe kwa sababu hawazitambui. Na ukiutazama huo mstari kwenye ripoti, utakuta tarehe akaunti ilipofunguliwa, limiti, deni kubwa kabisa ulilowahi kufikia, deni la sasa, tarehe ya kuripotiwa, na vile vijisanduku vya miezi vinavyoonyesha umelipa au umechelewa. Limiti ni namba tu. Hakuna mahali pamewekwa alama nyekundu kusema "huyu alipunguziwa." Kwa hiyo mama asifikirie kuna doa jina lake limewekewa. Kilichomuumiza ni uwiano.

BARAKA: Hilo ni muhimu, maana wengi wetu tumetoka nyumbani na hofu ya CRB, zile ofisi za taarifa za mikopo. Kenya ukisikia CRB unajua ni kufungiwa, umeshatajwa.

ZUHURA: Na huku watu wanaleta hofu ile ile. Wanadhani ripoti ni orodha ya wabaya. Huku karibu kila anayekopa yumo, mzuri na mbaya, na kila mwezi picha inapigwa upya. Kumbe hata biashara yenyewe ilianzia dukani. Equifax, moja ya ofisi tatu zinazotunza ripoti hizi, ilianzishwa Atlanta mwaka 1899 kwa jina la Retail Credit Company, ikikusanya habari za wateja kwa ajili ya wenye maduka: nani analipa, nani anakimbia. Daftari la mangi, ila limekua likawa kampuni.

BARAKA: (anacheka) Daftari la mangi! Haya, umesema picha inapigwa kila mwezi. Ina maana mama akilipa, zinarudi?

ZUHURA: Zinarudi, na hii ndiyo habari njema ya leo. Alama nyingi za FICO zinazotumika sasa zinaangalia uwiano wa leo, hazikumbuki wa mwezi jana. Ukichelewa kulipa, doa linakaa miaka saba. Lakini uwiano ukishuka kwenye ripoti mpya, alama zinapanda. Kuna aina mpya zaidi, FICO 10T na VantageScore 4.0 ya washindani wake, ambazo zinatazama mwenendo wa miezi 24 nyuma. Hizo zina kumbukumbu. Lakini hata hizo zinafurahi zikikuona unalipa deni linapungua.

BARAKA: Basi alipe tu zile 540, kazi imekwisha.

ZUHURA: Akiweza, naam. Lakini atazame siku. Benki nyingi zinaripoti mara moja kwa mwezi, karibu na siku bili inapofungwa, siyo siku ya mwisho ya kulipa. Hizo ni siku mbili tofauti. Bili inafungwa, mathalan, tarehe 5. Mwisho wa kulipa ni mwisho wa mwezi. Wewe mwaminifu unalipa tarehe 28, umewahi, hudaiwi faini. Lakini tarehe 5 walishapeleka picha yako na deni lote. Kwa hiyo alipe siku chache kabla bili haijafungwa, ili kinachoandikwa kiwe kidogo.

BARAKA: Hapo naona watu wengi wanaguna. Mimi pia naguna.

ZUHURA: Na kwa kuwa anatafuta nyumba, amwambie ofisa wa mkopo. Akishalipa na ana uthibitisho, mkopeshaji wa nyumba anaweza kuomba ripoti ihuishwe haraka, ndani ya siku chache badala ya kusubiri mzunguko wa mwezi. Yeye mwenyewe hawezi kuomba, lazima mkopeshaji aombe.

BARAKA: Kuna mtu atasema, mimi hiyo kadi naifunga, kwa hasira.

ZUHURA: Asiifunge! Akiifunga sasa hivi hata zile 600 zinaondoka. Kwa mtu anayesubiri nyumba, aiache wazi, anunue kitu kidogo mara moja moja, alipe. Maana sababu moja kubwa ya kupunguziwa ni kutoitumia kadi. Akaunti iliyofungwa vizuri inaendelea kuonekana kwenye ripoti mpaka miaka 10, lakini limiti yake haikusaidii tena kwenye uwiano. Akishapata nyumba, na kadi ina riba ya kutisha, hapo tuongee upya. Mimi binafsi kadi ya duka moja inanitosha, na hata hiyo moja nina mashaka nayo.

BARAKA: Na kinyume chake? Wakinipandishia bila kuomba?

ZUHURA: Sema asante, rudi zako nyumbani. Wakipandisha wenyewe, ripoti yako haiguswi vibaya, na uwiano unashuka papo hapo. Tatizo ni kwamba hawapandishi kwa mapenzi. Wanapandisha ununue. Barua inakuja "hongera", wiki hiyo hiyo inakuja kuponi. Mimi hapo ndipo naona ujanja wao: kupanda kwa limiti ni faida kwako kama utajifanya hujaiona.

BARAKA: Nikiomba mwenyewe?

ZUHURA: Uliza kwanza wanachunguliaje ripoti yako. Kuna kuchungulia kusikogusa alama, na kuna kule kunakohesabiwa. Kunakohesabiwa kunakaa kwenye ripoti miaka miwili, ingawa FICO inajali miezi 12 ya mwanzo tu. Ni alama chache, lakini mtu wa mkopo wa nyumba hazitupi ovyo. Sheria ya Marekani ya kadi za mkopo ya 2009, iitwayo CARD, pia inawataka watazame uwezo wako wa kulipa kabla ya kukupandishia, kwa hiyo watakuuliza kipato. Sema ukweli.

BARAKA: Kuna jingine lilinishangaza. Duka likibadilisha benki. Gap walihama kutoka Synchrony kwenda Barclays mwaka 2022.

ZUHURA: Ndiyo, na hilo huwachanganya watu. Benki ikibadilika, kwenye ripoti unaweza kuona akaunti ya zamani imefungwa au imehamishwa, na nyingine imetokea. Hapo kazi yako ni kukagua limiti imeandikwa sawa, na tarehe ya kufunguliwa. Ripoti ni bure kila wiki kwenye annualcreditreport.com, kwa ofisi zote tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Ukikuta kosa, andika kupinga. Kwa kawaida wana siku 30 za kuchunguza.

BARAKA: Turudi kwa mama. Barua aliyopata, aifanyie nini?

ZUHURA: Aisome tena, taratibu, hasa nusu ya chini ambayo hakuna anayeisoma. Kama walimpunguzia kwa kutumia ripoti yake, sheria inawalazimu kumwambia ni ofisi gani iliwapa, na ana siku 60 za kuomba nakala ya bure kutoka hapo. Huko ataona kilichowatisha. Pengine kuna deni la hospitali si lake. Pengine kuna mtu mwenye jina kama lake. Sisi kina Fatuma Ali na Amina Hassan tuko wengi, ripoti zinachanganyika.

BARAKA: Halafu ndipo apige simu?

ZUHURA: Ndipo. Namba iko nyuma ya kadi. Asianze na kulalamika. Aseme: "Nimekuwa mteja wenu kwa muda, sijawahi kuchelewa, naomba mnirudishie limiti yangu. Na kabla hamjaanza, naomba kujua kama mtachungulia ripoti kwa njia inayogusa alama." Wakisema ndiyo itagusa, na yuko katikati ya mambo ya nyumba, ashukuru akate simu. Alipe deni tu.

BARAKA: Na kama haitagusa, akaomba, wakakataa?

ZUHURA: Kumkataa ombi ni uamuzi dhidi yake kisheria. Ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi, au kuambiwa namna ya kuziomba. Aitunze barua hiyo. Ofisa wa nyumba akiuliza kwa nini kadi ile imejaa, aitoe pamoja na ile ya kwanza na risiti ya malipo.

BARAKA: Mama, umesikia. Tutumie ujumbe utuambie bili yako inafungwa lini, maana najua hujui.

ZUHURA: Wewe yako unaijua?

BARAKA: ... Tutaonana wiki ijayo, jamani.