Kipindi cha wiki hii: Mpangaji wa Chini ya Jani

SIKUDHANI: Yona, mbona umekaa upande upande kama bibi harusi?

YONA: Mgongo, dada Siku. Nimebeba bomba la dawa siku mbili. Lita 16, jua la Dodoma.

SIKUDHANI: Wasikilizaji mnamjua huyu. Akipandisha ndoo moja ya maji ghorofani, ukoo mzima unapigiwa simu. Nani kakupa bomba?

YONA: Baba mdogo. Nilikwenda kumsalimu tu, nina viatu vyeupe. Sasa njiani kwenye basi nilikuwa nasoma mambo ya mizabibu kwa ajili ya kipindi hiki. Nikakuta kwamba chini ya jani la mzabibu, pale kwenye kona mishipa inapokutana, kuna vijumba vya nywele. Mmea unavijenga wenyewe. Ndani yake wanakaa utitiri.

SIKUDHANI: Si ndio wadudu wenyewe hao?

YONA: Wapo wabaya, wapo wazuri. Hawa wa vijumbani wengine wanakula wenzao waharibifu, wengine wanakula ukungu wa ubwiri unga. Watafiti Marekani waliviziba vile vijumba kwenye mizabibu ya porini, utitiri wazuri wakapungua na ubwiri ukaongezeka. Basi nimefika shambani, mvua imetoka kunyesha, nageuza jani, naona vinyoya vyeupe. Nikapiga kelele, "Baba mdogo, usipulizie! Hizo ni nyumba za walinzi!"

SIKUDHANI: Akasemaje?

YONA: Alinitazama mpaka nikaona aibu. Akasema, "Mwanangu, huo ni ugonjwa, ubwiri vinyoya. Vaa bomba."

SIKUDHANI: (anacheka) Umemkaribisha jambazi ukidhani ni mlinzi!

YONA: Vyote ni vyeupe, vyote viko chini ya jani!

SIKUDHANI: Ngoja, hili linanigusa. Mnajua natafuta nyumba, mwezi wa pili huu. Hao utitiri wanalipa kodi?

YONA: Wanalipa kwa ulinzi.

SIKUDHANI: Miezi sita mbele au mwezi kwa mwezi?

YONA: Dada...

SIKUDHANI: Na dalali ni nani? Maana mimi nimeoneshwa chumba Tabata, choo kiko nje, dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, na hela ya kuoneshwa nimeshatoa.

YONA: Dalali ni jeni. Na hapo ndipo nilipotaka tufike. Zipo jeni zinazoamua jani liote nywele kiasi gani, na zimekutwa zinahusika na ujenzi wa vijumba pia. Mzabibu wa porini wa Marekani, Vitis riparia, unajenga vijumba vikubwa. Huu wetu wa divai, Vitis vinifera, kwa kawaida vyake ni vidogo.

SIKUDHANI: Kwa hiyo riparia ni Masaki, vinifera ni chumba kimoja uswahilini.

YONA: Na mwenye chumba kimoja hapati mlinzi, anaishia kununua dawa.

SIKUDHANI: Mwenye nyumba wangu wa sasa angekuwa mzabibu angekuwa jangwa. Juzi kaja saa kumi na mbili asubuhi, anauliza kwa nini natumia maji mengi. Mtu mmoja! Mimi utitiri?

YONA: Turudi kwenye jeni. Nilikuwa na masomo matatu leo, nimeyaandika.

SIKUDHANI: Yasome.

YONA: La kwanza, filoksera. Kadudu kadogo ka Marekani, kalifika Ufaransa miaka ya 1860, kakala mizizi, mashamba yakafa nchi nzima. Hawakupata dawa ya kuwatosha. Walichofanya ni kubebesha zabibu za Ulaya juu ya mashina ya Marekani, kwa sababu mizizi ya huko imezoeana na mdudu: akiitoboa, inaziba kidonda.

SIKUDHANI: Kama machungwa ya kwetu Muheza, unabebesha juu ya mlimao. Mbona hili nalijua tangu nina miaka saba.

YONA: Basi hata baba mdogo anahitaji damu mpya. Ang'oe, apande aina zenye kinga. Ufaransa mwaka 2018 walitoa Artaban na wenzake, wana jeni za kinga kutoka mzabibu wa porini, muscadinia. Ilichukua miongo, maana muscadinia ina kromosomu, zile nyuzi zinazobeba jeni, 40 na vinifera 38, hazioani kirahisi. Unazalisha, unarudisha kwa vinifera, unazalisha tena.

SIKUDHANI: Ang'oe? Hapana.

YONA: Kwa nini hapana?

SIKUDHANI: Anayenunua zabibu Dodoma anataka Makutupora nyekundu, anaijua. Baba mdogo akimpelekea Artaban, atamuuliza hii nini. Na miaka miwili mitatu ya kusubiri mavuno ya maana, watoto watakula vijumba vya utitiri?

YONA: Atakuwa anapunguza dawa. Wewe hujabeba lile bomba.

SIKUDHANI: Na kinga yenyewe inavunjika! Ulinitumia mwenyewe habari ya ile zabibu, Bianca. Ina jeni moja ya kinga dhidi ya ubwiri vinyoya, ikapandwa, ukungu ukajifunza. Mwaka 2010 watafiti wakaandika kwamba umeshatokea ukungu unaoishinda.

YONA: Jeni moja. Ndiyo maana Artaban wamewekewa zaidi ya moja. Mwizi akipata ufunguo wa geti bado ana mlango.

SIKUDHANI: Na California? Lile shina lao la kubebeshea, AXR1. Walishaambiwa lina damu ya vinifera, mama yake ni Aramon, zabibu ya Ulaya, wakalipanda kwa sababu linazaa sana. Miaka ya 1980 filoksera ikalipitia, wakang'oa maelfu ya hekta. Wataalamu hao hao.

YONA: Huo ni mfano wa watu kuchagua shina lenye kinga nusu! Unanithibitishia mimi.

SIKUDHANI: Nakuthibitishia kwamba mkulima ndiye anayelipa mtaalamu akikosea.

YONA: Na asipobadilika analipa kila mvua. Dawa, mgongo, mapafu.

SIKUDHANI: Mgongo wako wa siku mbili umekuwa hoja.

YONA: Mgongo wake wa miaka ishirini ndio hoja.

SIKUDHANI: Umemuuliza yeye?

YONA: ...Hakunijibu. Aliniambia nisafishe bomba.

SIKUDHANI: Basi.

YONA: Basi nini? Hajakataa!

SIKUDHANI: Mgogo akikwambia safisha bomba, kakataa.

YONA: Mimi ndiye Mgogo hapa, dada. Safisha bomba maana yake safisha bomba.

SIKUDHANI: Sikubali.

YONA: Na mimi sikubali. Tuendelee. Somo la pili, mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba. Profesa Millardet wa Bordeaux aliona mizabibu ya kando ya barabara, iliyopakwa mrututu na chokaa ili wapita njia wasiibe, haina ubwiri vinyoya. Mwaka 1885 akatangaza...

SIKUDHANI: Kumbe dawa ilianzia kwa kufukuza wezi wa zabibu! Mwenye nyumba wangu asisikie, atanipaka ukutani. (simu inaita) Ngoja. Ni dalali.

YONA: Usipokee, tumebakiza dakika mbili na nina somo la tatu, la...

SIKUDHANI: Chumba cha Kimara, Yona, kina choo ndani! Haloo? Ndiyo, kaka. Niko njiani, niko hapa Ubungo.

YONA: Tuko Sinza.

SIKUDHANI: Usimpe mtu mwingine, nafika. Eti umempa nani? Kwani yeye amelipa?